Siku Tuliyomshusha Mama Barabara ya Kate

Mama yangu tulimshusha garini njiani, kwenye barabara ya Kate, tukamwachia ndoo ya unga wa ulezi, kuku mmoja na kikapu cha nguo zake, kisha mume wangu na mimi tukaendelea na safari ya kurudi Sumbawanga. Hakuwa amegombana na mtu. Hakuwa mgonjwa. Alishushwa kwa sababu ya uzito wake, na aliyemwambia ashuke ni mimi.

Kate, kijijini kwa mama, bado wanaisimulia habari hii, na kila anayeisimulia anaongeza chake. Wapo wanaosema tulimfukuza. Wapo wanaosema alitukimbia. Mimi naieleza kama ilivyokwenda, na haikuanzia barabarani. Ilianzia nyumbani kwetu Chanji, mjini Sumbawanga, kwenye mabishano ya matairi.

Soko lilikuwa limefunguliwa. Mahindi na ulezi wa kwetu Ufipa, ambavyo zamani vilikuwa na mnunuzi mmoja tu, sasa vilinunuliwa na yeyote mwenye mzani na gunia tupu. Mume wangu alikuwa na mzani. Lori alikodi. Msimu mmoja ukamwendea vizuri, akasafiri hadi Dar es Salaam, akarudi na gari dogo jeupe lililokwisha tumika Japani. Mtaani kwetu, hadi wakati ule, gari lilikuwa la serikali au la misheni. Majirani walikuja kulitazama kama wanavyokuja kumtazama mtoto mchanga, wakilizunguka kwa sauti ya chini.

Gari lile halikuwa na tairi la akiba. Ukiinua zulia la buti, pale ambapo magari mengine yana shimo la kulazia tairi, kulikuwa na bati bapa tu. Muuzaji alimweleza mume wangu kwamba halihitaji. Matairi yake yana kuta nene, alisema. Upepo ukiisha, tairi halilali chini, gari linaendelea kutembea mpaka umfikie fundi. Masharti ni kwamba usikimbize na usibebe uzito mkubwa. Uzito mkubwa ni kiasi gani, hakusema. Kitabu cha gari kilikuwamo, lakini kilikuwa cha Kijapani.

Fundi wa matairi karibu na stendi alijaribu kulitoa moja kwenye rimu kwa vyuma vyake. Alihangaika hadi akavua koti, na asubuhi za Sumbawanga mtu havui koti ovyo. Mwishowe akalipiga teke.

“Kaka, hili si tairi,” alimwambia mume wangu. “Hii ni kwato. Siku likichoka usiniletee mimi, mpelekee bwana mifugo.”

“Ndiyo maana halipati pancha,” mume wangu akajibu.

“Litapata. Likipata hakuna wa kuliziba kuanzia hapa hadi Namanyere. Nikufungie manne ya kawaida, na la tano ukae nalo akiba. Hayo hata mkulima anaziba.”

“La tano nitaliweka wapi? Buti lenyewe unaliona.”

“Kiti cha nyuma. Kwani kiti cha nyuma unambeba nani?”

Mume wangu alirudi na swali hilo nyumbani, na jibu lake lilikuwa mama yangu.

Nilikuwa mjamzito. Mimba mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika, na ya tatu ilipovuka miezi ile ya hofu, jambo moja tu nililolitaka ni mama awe karibu nami siku ya kujifungua. Halikuwa jambo dogo. Kwetu, mwanamke na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono. Hawatazamani usoni. Wakiwa chumba kimoja, mmoja huongea na mtu wa tatu ili mwingine asikie, na aliyesikia hujifanya hajasikia mpaka aambiwe. Mama hakuwahi kulala nyumbani kwetu tangu niolewe. Akija mjini, alikunywa uji kwangu na kulala kwa binamu yake. Safari hii, baada ya kubembelezwa na ndugu zake na hata na katekista wa kigango chao, alikubali kuja kukaa nami mpaka nijifungue. Tulimwandalia chumba chenye mlango wake wa nje, asipishane na mkwewe ukumbini.

Sasa mtu kama huyo unamsafirisha vipi katika gari dogo? Mbele hawezi kukaa, maana atakuwa bega kwa bega na mkwe wake. Ni nyuma tu. Na nyuma, kwa ushauri wa fundi, kungekuwa na tairi.

Mume wangu alianza kuelekea upande wa fundi. Alisema tairi litafunikwa kwa shuka. Mimi nilikataa. Sikuona namna ya kumketisha mama yangu kiti kimoja na tairi, kama mzigo pamoja na mzigo, siku ya kwanza anayopanda gari la mkwewe. Nilisema tubaki na yale magumu. Ili kuondoa ubishi, mume wangu alitoa upepo wote katika tairi moja, akaliendesha gari taratibu kuzunguka mtaa mzima wa Chanji mbele ya watu. Likaenda, likarudi. Vijana wakapiga makofi. Mmoja akasema, “Mzee, mambo hayo. Sumbawanga hatushangai gari kutembea bila upepo, tunashangaa limesubiri kutoka Japani.” Watu wakacheka, maana mji wetu unasifika kwa uchawi, na sisi tukacheka. Tukakubaliana kwamba jambo limekwisha. Mume wangu alikuwa peke yake ndani ya gari lile.

Tulikwenda Kate asubuhi, tukakuta mama amekwisha vaa. Alikuwa na khanga mpya mabegani na viatu vya kanisani. Mume wangu alisimama mbali, akasalimia kwa kutazama chini. Kabla mama hajaingia garini, mume wangu alikishika kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, akakigeuza kielekee darini, ili wasije kukutana macho. Mama aliona. Alipoketi nyuma yangu, akaniambia, “Mwambie mkwe ana adabu.” Nikamwambia. Alikuwa amekaa sentimita chache kutoka mdomo wa mama.

Nusu ya kwanza ya safari ilikuwa ya furaha. Mama alitaka kujua kila kitu, na kila kitu alikiuliza kupitia kwangu.

“Muulize, hiki kinachowaka ni nini?”

“Mwambie ni taa ya mafuta, lakini yapo.”

“Mwambie nimeuliza tu, sikusema hayapo.”

Tulipita sehemu ambayo mvua ilikuwa imeosha kifusi na kuacha mawe yamesimama. Tukasikia mlio, si mkubwa. Mume wangu alisimamisha gari, akashuka, akalizunguka. Tairi la nyuma, upande wa mama, lilikuwa limechanika ubavuni. Lilikuwa limebonyea lakini halikuwa limelala, kama muuzaji alivyosema. Mume wangu alichuchumaa akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akaja dirishani kwangu.

“Lina uwezo wa kutufikisha,” alisema. “Lakini si kwa uzito huu.”

Nilimtazama. Alikuwa ametazama pembeni, kwenye mashamba.

“Wewe huwezi kutembea,” akaendelea. “Mimi ndiye dereva. Unga tukiushusha peke yake nani ataulinda? Mwambie mama asubiri hapa na vitu vyake, nikufikishe, nitafute gari, nirudi kumchukua.”

Yalikuwa maneno ya busara, na hilo ndilo lililonishinda. Hakuna aliyewahi kutuambia tairi lile linabeba watu wangapi. Tungeweza kukaa pale wote watatu na kusubiri lori. Sikulisema. Mama alikuwa nyuma yangu na alikuwa amesikia kila neno, lakini hakusogea. Kwa adabu yetu alikuwa hajasikia. Alikuwa anasubiri niseme.

Nikageuka. “Mama,” nikasema, “tairi limechanika. Anaomba ushuke kidogo, gari lipungue uzito.”

Mama aliweka sawa khanga yake. “Muulize mwenzako,” alisema, “uzito ni mimi au ni unga?”

Mume wangu akasema, “Mwambie vyote.”

Sikulirudia jibu hilo. Alishuka.

Kando ya barabara kulikuwa na mji wa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, nyumba mbili na zizi la miiba. Mwanamke wa mji ule alitoka alipoona gari limesimama. Alimwamkia mama shikamoo, akatuuliza sote, “Mmeharibikiwa?”

“Wao ndio wameharibikiwa,” mama akamjibu. “Mimi nimefika.”

Yule mwanamke alicheka, kisha akaona nyuso zetu akaacha. Alirudi ndani akaleta kigoda. Mama alikaa kwenye kigoda kile, ndoo ya unga upande mmoja, kuku upande mwingine, viatu vya kanisani vikiwa vimeshikana. Tulipoondoka, mume wangu alikirudisha kioo cha ndani mahali pake. Nilitazama pamoja naye. Mama alikuwa ametugeuzia mgongo.

Sijui njia ndefu kuliko ile. Tulikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Gari lilichechemea, na kila tulipopita watu walipiga kelele, “Tairi, tairi hilo.” Huku kwetu gari likipata pancha husimama, na aliye karibu huja kusaidia, ndivyo watu walivyozoea. Sisi hatukusimama. Kina mama waliotoka sokoni waliweka mizigo chini ili watupungie vizuri, wakidhani hatujui. Kijana mmoja wa baiskeli alitufikia, akaenda sambamba na dirisha la mume wangu.

“Mshikaji, tairi limekwisha.”

“Najua.”

“Unajua?” Akatutazama, akatazama kiti cha nyuma kisicho na mtu. “Sasa kama unajua mbona unakimbia? Umegonga mtu?”

Kijana alitupita, na nadhani ndiye aliyetangulia na habari, maana kijiji cha mbele tulikuta watu wamejipanga kututazama kimya kimya. Niliinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa. Mtoto tumboni alikuwa anacheza muda wote.

Tulipofika Chanji, mume wangu aliazima pikapu ya mfanyabiashara mwenzake na kugeuza papo hapo. Alirudi jua linazama akiwa na ndoo ya unga, bila mama. Yule mwanamke wa mji wa wafugaji alimweleza kwamba lori la mahindi lilipita likielekea Kate, mama akalisimamisha, akapanda mbele pamoja na kuku wake. Unga aliuacha, na maagizo kwamba ni wa uji wa mzazi, asiukose. Mume wangu aliishusha ile ndoo jikoni akakaa nayo chini.

Wiki iliyofuata alifunga matairi ya kawaida. La tano alilifunga kwa mkanda kwenye kiti cha nyuma, likakaa pale kama abiria. Kisha akamtafuta mshenga, yule yule aliyepeleka posa yangu, akamtuma Kate na blanketi, sukari na maneno ya kuomba radhi, maana mwenyewe asingeweza kwenda kusimama mbele ya mkwe akajieleza. Mshenga alipokelewa vizuri, akapikiwa. Mama alimwambia, “Sina hasira. Niliambiwa nishuke, nikashuka.” Mshenga akauliza kama basi atakuja, siku za binti yake zimekaribia. Mama akasema hawezi kulala nyumbani kwa mkwe wake, si desturi.

Nilijifungua nikiwa na jirani pembeni. Mtoto alikuwa wa kike, na alilia haraka. Mama alikuja wiki chache baadaye kwa basi la asubuhi. Alimbeba mjukuu, akamnusa kichwani, akanipikia uji mzito kwa unga ule ule wa ulezi, akasimama mlangoni mpaka nikaumaliza. Alasiri akauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi. Chumba tulichomwandalia alikichungulia, akasema ni kizuri.

Imekuwa hivyo miaka yote. Huja asubuhi, huondoka alasiri. Nikimuuliza, hunipa sababu ileile aliyokuwa akiitoa kabla hatujawa na gari, na ni sababu ya kweli, kwa hiyo hakuna mahali pa kuishikia. Siwezi kujua kama ni heshima inayomrudisha Kate au ni ile siku. Mume wangu naye hajui. Tumewahi kuliongea jambo hili, na kila mara mmoja wetu hunyanyuka kwenda kutazama kitu jikoni.

Mwaka huu macho yake yamefifia. Daktari amesema aletwe mjini, akae siku kadhaa karibu na hospitali, na yule binamu yake alishafariki; hana pengine pa kulala ila kwetu. Nilimpigia simu jioni. Mume wangu alikuwa amekaa kando yangu, simu ikiwa na sauti kubwa kama anavyopenda.

“Mwambie chumba kipo,” alisema.

“Mama,” nikasema, “anasema chumba kipo.”

Nilisikia mbuzi nyuma yake, na mtu akifunga mlango.

“Nimemsikia,” mama akasema.

Hakuwahi kusema hivyo kabla. Kisha akaniuliza habari za mahindi, tukaagana. Ni wiki ya pili sasa, na hajasema kama anakuja.