Wifi Yangu na Kadi ya Majora Mawili

Wifi yangu akikasirika hapigi kelele. Anakunja nguo. Siku barua ya benki ilipofika alikunja za mdogo wake, yaani mume wangu, akakunja zangu, akazitoa kabatini zile zilizokuwa zimeshakunjwa akazikunja upya, na alipokosa kingine akachukua mto wa mwanangu akajaribu kuukunja nao. Hapo nikajua mambo yameharibika.

"Soma tena," akaniambia.

Mimi niliishia shule ya msingi. Nasoma polepole, lakini siruki neno. Nikasoma tena kwamba benki ina furaha kumkabidhi mteja wake mpendwa kadi mpya ya mkopo. Kikomo cha kadi ni hiki. Riba ni asilimia nne.

"Kwa mwaka au kwa mwezi?"

"Kwa mwezi, wifi."

"Wakamkopeshe shetani," akasema, akaubwaga ule mto.

Wifi yangu ni fundi cherehani. Ana miaka kumi na tisa anashona katika chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi sote, meza ya kukatia iko dirishani, na mlango wa kuingia ndani haufunguki wote kwa sababu ya magunia ya vipande. Mwezi ule alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: gauni sitini za wauguzi wa zahanati, rangi ya kijani, vifungo vinane kila gauni. Zahanati hulipa miezi mitatu baada ya kupokea mzigo. Na lile duka la vitambaa vya jumla lilishaacha kukopesha watu, hata ulie machozi ya damu. Wanataka taslimu au kadi. Ndiyo maana aliomba kadi.

Jora moja linatoa gauni kumi. Kwa hiyo alihitaji majora sita. Kikomo walichompa kilitosha majora mawili. Na kwa riba ile, miezi mitatu ikikatika, zaidi ya nusu ya faida yake ingekuwa imehamia benki, na yeye abaki na maumivu ya mgongo. Muuguzi mkuu alikuwa amemwambia wazi kwamba ikifika Ijumaa hajaonyeshwa kitambaa, kazi anaipeleka kiwandani.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi tukaenda benki, yeye mbele na mkoba wake, mimi nyuma na mwanangu mgongoni.

Tulikaa kwenye vile viti vya plastiki vilivyoungwa pamoja, mmoja akijikuna wote mnatikisika. Baada ya muda mrefu tukaitwa kwa afisa wa mikopo, kijana mwenye tai iliyoishia juu ya kitovu. Wifi akamweleza yote, la kikomo, la riba, la gauni za wauguzi. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anavyopanga vipande kabla ya kuviunga. Kijana alikuwa anatazama kompyuta.

"Mama, kikomo hicho kimetolewa na mfumo."

"Mfumo ni nani? Mwite."

"Si mtu, mama. Ni kompyuta. Inaangalia taarifa zako. Hapa kwako imeandikwa, kazi, hana. Asiye na kazi anaingia kundi la tatu. Kundi la tatu kikomo ni hicho na riba ni hiyo. Tena shukuru, wengi wa kundi hili hunyimwa kabisa."

"Kazi, hana," wifi akarudia polepole. "Nani hana?"

"Wewe, mama."

Nilimtazama wifi mkono. Aliuweka juu ya meza ya yule kijana, na kidole chake cha kati kina sugu upande ambao sindano hukaa, na kwenye mkono wa blauzi palikuwa na uzi wa kijani uliong'ang'ania tangu jana, alipokuwa akishona gauni la mfano. Kijana angeinua macho tu angeviona vyote viwili.

"Nani aliandika hivyo?"

"Mtu wetu wa mauzo, yule aliyekuja kwako nyumbani." Akavuta kioo cha kompyuta karibu. "Na ameweka maelezo hapa pembeni. Taarifa za kazi zimetolewa na wifi wa mwombaji."

Nikakumbuka. Yule mtu wa mauzo alipokuja, wifi aliingia chumbani kutafuta kitambulisho. Yule mtu akaniuliza mimi, "Huyu mama anafanya kazi?" Mwanangu alikuwa analia, nimemlaza begani nampigapiga mgongo, nikajibu bila kufikiri: "Hapana, hafanyi kazi. Anashona tu hapa nyumbani." Nilisema hivyo nimesimama kando ya cherehani! Yule mtu alikuwa amesogeza shati lililokatwa nusu ili apate mahali pa kuweka fomu zake. Wote wawili tulikuwa na macho, na wote wawili tuliona ni sawa.

Sikumchukia wifi yangu. Ndivyo tunavyosema. Mama yangu mzazi alilima kuanzia alfajiri mpaka jua lizame, na shuleni nilipoulizwa kazi ya mama nilisema hana. Pale kwenye kiti cha benki nilitamani mtu anizabe kofi.

Wifi aligeuka akanitazama. Mara moja tu. Halafu akamgeukia kijana.

"Huyu nitamalizana naye. Sasa tumalizane mimi na wewe."

Akafungua mkoba akatoa daftari lake la vipimo, lile nene, lenye jalada lililoshonwa kwa kitambaa cha jinzi baada ya la karatasi kuchanika. Kila aliyewahi kushonewa naye yumo mle, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na siku aliyochukua nguo yake.

"Hii hapa kazi yangu. Soma."

Kijana alilitazama bila kuligusa. "Mama, hili si waraka unaotambulika na benki."

"Halitambuliki?"

"Halitambuliki."

"Basi ngoja nikutambulishe." Akalamba kidole, akafungua. Wifi akisoma vipimo anasoma kwa sauti ya chumba cha kushonea, ile ya kushindana na cherehani. "Walinzi wa benki, tawi hili, suruali nane. Wafagizi wa benki, makoti sita. Mapazia ya ofisi ya meneja, vipande vinne. Yale pale, nayaona kutokea hapa. Meneja mwenyewe, suti mbili na gauni la harusi ya mdogo wake. Kifua, inchi arobaini na nne. Kiuno, inchi…"

"Fundi!" Mlango wa ofisi yenye yale mapazia ulifunguka, mama mmoja akatoka mbio na viatu vya kisigino. "Fundi, tafadhali, kiuno ishia hapohapo!"

Watu kwenye foleni wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Mwache asome, dada, tunasubiri ufike kwenye nyonga."

Meneja hakucheka sana. Akasimama kando ya meza, akaelezwa na kijana wake, akatikisa kichwa. "Lakini fundi, si ungenipigia simu? Ningekusaidia kimyakimya."

"Sitaki kusaidiwa kimyakimya," wifi akasema. Sasa sauti ilikuwa imeshuka, na mimi ninayemjua nilijua hapo ndipo amekasirika kabisa. "Nikikushonea suti, huwa unanisaidia au unanilipa?"

"Nakulipa."

"Kwa ajili ya nini?"

Meneja akanyoosha koti la suti yake. Yule mzee wa kwenye foleni akajibu kwa niaba yake, "Kwa kazi!"

"Haya. Kiandikwe hicho alichosema baba hapo."

Kijana akakohoa. Akasema kubadilisha kile kisanduku cha kazi mfumo unadai barua ya mwajiri, yenye sahihi ya mwajiri na sahihi ya mwajiriwa.

"Mwajiri wangu ni mimi."

"Basi iandikwe na wewe, mama."

"Na mwajiriwa?"

Kijana akamtazama meneja. Meneja akatazama dari. "Wewe pia," akasema.

Wifi akavuta karatasi nyeupe kutoka kwenye printa yao bila kuomba, akaniwekea mbele pamoja na kalamu. Nikamshusha mwanangu mgongoni nikampakata, nikaandika nikimzuia asinipokonye kalamu, na herufi zangu ni zile za darasani, kubwa na za mviringo: Mimi fundi cherehani nathibitisha kwamba mimi fundi cherehani nimefanya kazi kwangu kwa miaka kumi na tisa bila kuacha, na kwamba nimejilipa mshahara kila nilipolipwa na wateja. Wifi akaweka sahihi upande wa mwajiri. Akaihamisha kalamu, akaweka upande wa mwajiriwa. Meneja akagonga muhuri juu ya upuuzi ule, na kompyuta ikakubali.

Kundi la pili. Riba ikashuka kutoka asilimia nne hadi mbili na nusu kwa mwezi. Kikomo kikapanda kutoka majora mawili hadi manne.

"La kwanza ni la nani?" wifi akauliza.

"La wenye mishahara," kijana akasema. "Serikalini, makampuni makubwa, benki."

"Ambao mimi ndiye ninayewapunguzia suruali."

Alibishana robo saa nzima kutafuta majora mawili yaliyobaki. Meneja akasema mamlaka yake yanaishia hapo, arudi baada ya miezi sita waangalie upya. Wifi hakumshukuru. Aliniambia nimsomee karatasi mpya yote, mpaka chini, mpaka namba ya simu ya malalamiko, huku kijana na foleni nzima wakitungoja.

Dukani tulinunua majora manne. Alimpigia muuguzi mkuu palepale kaunta, akamwambia kitambaa kiko mbele yake, gauni arobaini zitakuwa tayari kwa wakati, ishirini zitafuata malipo ya kwanza yakiingia. Yule akazunguka sana, mara kiwanda, mara bosi wake. Mwisho akakubali, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka. Wifi akakata simu. "Na hawa nao!" akasema, mwenye duka akajifanya anapanga rula.

Njiani, majora matatu yakitangulia kwa mkokoteni, nilitaka kumpokea lile la nne, akalihamishia bega la pili.

"Umeninunia, wifi?"

"Kununa ni kwa wasio na kazi. Mimi nimekasirika."

Tukatembea. Mwanangu alishalala, kichwa kinaning'inia. Wifi akasimama akakiweka vizuri kitambaa nilichombebea, akakaza fundo kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi kidogo, tukaendelea.

Nyumbani nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka mawili matatu. Alikuwa anatandaza kitambaa mezani, hakugeuka.

"Mdogo wangu angesema vile ningeelewa," akasema, "yeye hajui hata uzi unaingilia wapi. Wewe umelala chumba cha pili miaka mitatu, unasikia cherehani hii mpaka usiku. Wewe unaona." Mkasi ukaingia kwenye kijani. "Ndilo linaloniuma. Hayo ya benki ni ya benki."

Alikata migongo mitano mfululizo ndipo akafungua droo, akatoa mfuko wa vifungo na gauni la mfano, akaniwekea miguuni.

"Arobaini mara nane ni mia tatu na ishirini. Anza na hilo. Nitakulipa kila gauni, kwa hiyo usiniletee habari za undugu."

Nikamlaza mwanangu, nikatunga uzi, nikashona kifungo cha kwanza kwa uangalifu wangu wote. Nikampelekea. Akakishika kwa vidole viwili, akakivuta.

"Kimelegea," akasema. "Fumua."

Nikafumua.