Siku Watakapoacha Kugeuka

Nianze na jambo ambalo watu wa Buger, kijijini kwetu Karatu, wanalijua na bado napenda kulirudia: hakuna mtu aliyenisomesha. Nilimaliza kidato cha nne, nikapanda basi kwenda Dar es Salaam, nikapata kazi ya kufagia shule ya chekechea ya watoto wa matajiri. Kutoka kufagia nikawa msaidizi wa darasa, na jioni nikasoma mpaka nikapata diploma ya elimu ya awali. Cheti kile kiko kwenye fremu ya kioo sebuleni kwa mama yangu, katika nyumba ya tofali za kuchoma ambayo pia niliijenga mimi. Wengi waliotoka kwetu kwenda Dar walirudi na begi na stori. Mimi nilirudi na fani.

Kilichonirudisha ni mpango mmoja wa kuandaa walimu. Wanachuo wa kawaida huja shuleni wiki chache, wenyewe wanaita field, wakaondoka kabla watoto hawajazoea sura zao. Mpango wetu ulikuwa tofauti. Unapelekwa shule moja, unaingia darasa moja, unakaa humo mwaka mzima na mwalimu mwenyeji anayeitwa mlezi wako. Mwisho wa mwaka afisa anakuja kumuuliza mlezi: huyu apewe darasa, au bado? Akisema bado, unafunga mizigo. Nami nilikuwa nimeshawatangazia watu wa Buger, kanisani na kisimani, kwamba nakwenda kuchukua darasa. Sikusema nakwenda kujaribu.

Nilipangiwa Kakesio. Mtu wa Karatu akisikia Ngorongoro anafikiria geti, magari ya watalii na ule ukungu wa juu kwenye kingo za kreta. Kakesio iko mbali na hayo yote, chini upande wa pili, kwenye nyika ya wafugaji ambako usafiri ni wa kubahatisha. Landcruiser iliyonileta ilikuwa imejaa magunia ya unga na akina mama waliovaa shuka. Walinisalimu vizuri, wakaniuliza natoka wapi, kisha wakaendelea na mazungumzo yao ya Kimaasai hadi tulipofika. Nadhani safari ile ilinionyesha mwaka wangu utakavyokuwa, ila mimi niliona ni uchovu tu.

Mlezi wangu alikuwa mama wa makamo kutoka Rombo, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuimba kwaya. Alikuwa amekaa Kakesio kuliko mwalimu mwingine yeyote, na Kimaasai alikisema kama aliyezaliwa nacho. Nilimkuta uwanjani mbele ya nyumba ambayo tungekaa sote wawili, kila mtu na chumba chake.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Ndiyo wewe wa Dar?"

"Mimi ni wa Buger, ila nimetokea Dar. Nina diploma."

"Hiyo nimeshaambiwa. Na maji unaweza kubeba?"

"Nabeba maji tangu mdogo."

"Basi diploma tutaiona kesho. Ndoo ile pale."

Kesho yake asubuhi nilisimama mlangoni pa darasa la kwanza. Watoto walikuja kwa mstari, na kila aliyenifikia aliinamisha kichwa mbele yangu akangoja. Sasa, kule shuleni Dar kila Jumatatu tulikuwa na ukaguzi wa usafi, kucha na nywele. Mtu yeyote aliyesomea afya ya mtoto angefikiri kama nilivyofikiri. Nikashika kichwa cha kwanza, nikakigeuza kwenye mwanga, nikatafuta mapunye. Nikashika cha pili. Wa tatu alikuwa binti mdogo mwenye shanga shingoni. Akainua uso akamtazama mlezi wangu, kama anayeuliza mgeni huyu ana shida gani.

Mlezi alikuwa ameegemea ukuta, anacheka hadi machozi.

"Unatafuta nini, mwenzangu?"

"Mapunye."

"Wanakuamkia! Mtoto wa hapa humwinamia mkubwa, mkubwa anamgusa utosini, basi, wamesalimiana. Wewe unawapekua kama mnunuzi wa mbuzi mnadani."

Habari ilifika ofisini kabla yangu. Walimu wengine walikuwa wanaume watatu waliokaa nyumba moja ng'ambo ya uwanja, na mmoja wao alinipokea hivi:

"Madam wa Dar, leo umepata chawa wangapi?"

"Mmoja tu, mwalimu. Alikuwa anakuulizia wewe."

Walicheka, nami nikacheka. Kwa maneno sijawahi kushindwa. Lakini wakamaliza kucheka, wakarudia habari zao za mpira, na mimi nikabaki na kikombe changu.

Wiki hiyohiyo mlezi aliniambia jinsi atakavyonipima. Tulikuwa tunachambua mchele barazani.

"Afisa ana fomu zake," alisema. "Mimi nina mlango tu. Wewe ukiwa unafundisha, mimi nitatoka nje. Watoto wakigeuka kunitazama, darasa bado ni langu. Siku watakapoacha kugeuka, ni lako."

"Nipe mwezi mmoja."

"Chukua hata miwili, mdogo wangu."

Mara ya kwanza alipotoka, hawakugeuka tu. Yule binti wa shanga aliinuka, akamfuata. Akafuata jirani yake, na jirani wa jirani, mpaka dawati la mwisho. Nilibaki na ubao wenye herufi a, kubwa na ndogo, nilizoziandika kwa mwandiko ambao Dar wazazi walikuwa wakiupiga picha. Nje nilimsikia akiwaambia jambo kwa Kimaasai, wakarudi wote wametulia, naye nyuma yao. Hakunitania siku hiyo. Afadhali angenitania.

Sababu niliijua. Watoto wale nyumbani hawasemi Kiswahili. Nikisema neno, walimtazama yeye awaambie ni nini. Na kila akiwaambia, neno linakuwa lake.

Mwisho wa wiki shule ilinyamaza kabisa. Walimu wa kiume walikwenda mnadani, mlezi alikwenda kwenye maboma kutembelea wazazi, na mimi nilifua nguo ambazo nyingine zilikuwa safi. Nilikuwa nimekuja na mbegu za mboga ya chainizi kutoka nyumbani. Nilipomwonyesha mlezi alitikisa kichwa.

"Zifunge. Hapa ni hifadhi, hatulimi."

"Hata kitalu kidogo nyuma ya jiko?"

"Hata hicho."

Mimi ni binti wa wakulima. Hata Dar nilikuwa na mchicha kwenye makopo. Mvua iliponyesha Kakesio na ardhi ikatoa ile harufu, mikono yangu haikujua pa kwenda. Nilikaa barazani nikitazama udongo mzuri ukilowa bure, nikijua kwamba Buger siku hiyo kila mtu yuko shambani na wanaitana kutoka shamba hadi shamba. Kiiraqw, lugha ya nyumbani kwetu, hakuna aliyekisema pale. Nilianza kukisema peke yangu nikipika, nikitaja chumvi, mwiko, sufuria, ili tu nisikie maneno yanavyotoka. Simu ilipata mtandao juu ya kilima nyuma ya shule, lakini sikupanda mara nyingi. Wangeniuliza kama nimeshapewa darasa.

Mtu mwingine angeondoka. Nawajua wawili wa mpango wetu, walioanza pamoja nami katika shule nyingine, ambao waliondoka. Mimi nilimwendea mlezi.

"Madam, nakuomba usiwatafsirie tena ninapofundisha."

"Watapotea."

"Wapotee na mimi."

Alikubali. Akaongeza, "Basi na mlango wa asubuhi chukua. Simama wewe, wakuamkie wewe."

Kuanzia hapo kila asubuhi niliwagusa. Vichwa vilivyonyolewa, vya moto kidogo kwa kutembea, vyenye harufu ya moshi na maziwa. Mwanzoni niligusa upesi upesi kama anayepiga mhuri. Baadaye nilipunguza mwendo. Niseme wazi: mwaka ule hapakuwa na mtu mwingine aliyenigusa wala niliyemgusa. Kule watu wazima walinipa mkono mwepesi wakapita. Mstari ule ulipoisha na mtoto wa mwisho akaingia ndani, wakati mwingine nilichungulia njiani kuona kama yuko aliyechelewa.

Darasani nilifanya mambo ambayo Dar wangenichukua video na wazazi wangelipa ada zaidi. Neno likiwa "ruka", niliruka. Likiwa "lala", nililala sakafuni na gauni langu zuri. Likiwa "ng'ombe", nilikuwa ng'ombe mwenye hasira. Mlezi kule nyuma alisema taratibu, "Madam, punguza pembe," lakini hakutafsiri. Watoto walicheka, wakasema ng'ombe wa hivyo hayupo, wakaja mbele kunionyesha ng'ombe wa kweli anavyosimama. Na walipokuwa wakinisahihisha, walikuwa wakisema Kiswahili.

Hata hivyo alipotoka nje waligeuka. Wakati wa masika waligeuka wote. Baada ya likizo ya katikati ya mwaka wakageuka nusu. Kisha wachache, na miongoni mwao daima yule binti wa shanga, ambaye shingo yake ilifuata mlango kama alizeti.

Ilitokea mvua za vuli zilipoanza. Tulikuwa kwenye silabi "ma". Niliwaambia wanipe maneno yanayoanza hivyo nami niandike. Wakatoa maji, mama, maziwa. Kisha sauti moja kutoka nyuma:

"Mavi!"

Darasa likalipuka. Walijua ni neno la kucheka kwa sababu walimu wa kiume walikuwa wakiwakataza kulisema. Walinitazama kuona nitachapa nani.

"Ni neno?" niliuliza.

Wakatazamana wao kwa wao.

"Linaanza na nini?"

"Ma!"

"Basi ni letu." Nikaliandika, kubwa, kwa mwandiko wangu uleule. "Nani analisoma?"

Mikono yote ikapanda. Yule binti alisimama kabisa juu ya dawati. "Mavi ya ng'ombe!" alisema. "Mama anapaka nyumba!" Mwingine akamkatiza kwamba mama yake yeye anapaka vizuri zaidi, na wakaanza kubishana kwa Kiswahili kuhusu nyumba ya nani inavuja. Katikati ya kelele zile nilihisi upepo wa mlango ukifunguka, na mlezi wangu akatoka.

Hakuna aliyegeuka. Binti alikuwa ameninyooshea mkono anataka chaki.

Aliyegeuka nilikuwa mimi. Nilimwona kupitia dirishani akielekea kwenye tangi la maji, polepole, bila kuangalia nyuma, kama mtu aliyeshusha mzigo na bado bega halijazoea.

Jioni nilimkuta barazani. Nilikuwa na hotuba yangu tayari.

"Umeona?"

"Nimeona. Ni lako."

"Nilikuambia."

"Uliniambia mwezi mmoja," alisema, tukacheka. Kisha akasema, "Naomba uhamisho wa kurudi Rombo tangu mume wangu alipofariki. Kila mwaka naambiwa, kwanza tutafutie wa kukaa na darasa la kwanza. Walikuja wawili kabla yako. Wote nilisema bado, na walikuwa bado kweli."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimewazia darasa langu na yeye akiwa chumba cha pili, akinisikia nikijisifu kupitia ukuta.

Afisa alikuja karibu na kufunga shule. Tuliketi watatu ofisini. Mlezi alijibu swali lake kwa neno moja. Ndipo afisa akanigeukia mimi.

"Na wewe mwenyewe? Wengine huomba mwaka wa pili na mlezi, si vibaya. Unajiona uko tayari?"

Mlezi alikuwa ameshika kalamu, hanitazami. Nilijua kabisa nini kingetokea nikisema naomba mwaka mmoja zaidi. Angebaki. Tungechambua mchele. Asingenilaumu hata kidogo, na hakuna mtu wa Buger ambaye angejua.

"Nilikuwa tayari siku niliyofika," nilisema.

Mlezi akatabasamu, akiangalia meza.

Aliondoka Januari. Darasa ni langu sasa, na nasema bila aibu kwamba ndilo linalosoma vizuri kuliko darasa la kwanza lolote upande huu. Wazazi hunitumia maziwa. Walimu wa kiume hawanitanii tena, wananiita madam tu, kwa heshima. Chumba cha pili kilikaa wazi mwaka mzima. Niliweka humo dumu za maji.

Mwezi uliopita mpango uliniuliza kama nitakubali kuwa mlezi. Kwa kawaida hawampi kazi hiyo mtu mwenye uzoefu mfupi kama wangu, lakini wameona matokeo. Nilikubali kabla mpigaji simu hajamaliza, nikahamisha dumu, nikafagia. Akaniuliza ningependa wanipangie mtu wa namna gani, mwenye diploma, mwenye uzoefu, anayejua Kimaasai.

Nikamwambia hayo yote mimi nitamfundisha. Wanitafutie tu mtu mwongeaji.