Siku Baba Koku Aliposoma Kosa la Seva

Jina la mpenzi wangu lilisomwa kwenye TV ya baa mbele ya kamati nzima ya sendoff, na aliyelisoma kwa sauti ni baba yake mzazi.

Kaa vizuri nikupe mkasa.

Mie naitwa Albano, mtu wa Masasi, naishi Mbagala. Kazi yangu ni kuandika programu. Mie na Kokushubila, au Koku, tulikuwa tunapendana kimyakimya, maana baba yake, Mzee Cyprian, hawaamini kabisa watu wa kompyuta. Kwake yeye, kijana anayeshinda ndani na laptop hana kazi, anasubiri ajira.

Kila Koku akiniuliza mshenga anakuja lini, namwambia subiri, mzee kwanza anione nimefanya kitu.

Bahati ikaja. Noela, mdogo wake Koku, akapata mchumba. Kamati ya sendoff, ile sherehe ya kumuaga binti kwao, ikataka kadi za kutumwa kwenye simu, zile za single na double, mtu mmoja au wawili, zinazoskaniwa mlangoni. Koku akanipigia debe, nikapewa kazi.

Nikaijenga kwa JavaScript, upande wa seva. Na kwa kuwa nilijitia mzalendo, hata ujumbe wa makosa niliuandika kwa Kiswahili. Laiti ningeuacha kwa Kiingereza.

Programu ya namna hiyo hutumia vifurushi vingi, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine. Kuna chombo kinachovikusanya na kuvifungasha kuwa faili moja, mzigo mmoja, unaupandisha kwenye seva, umemaliza. Kwenye laptop yangu kadi zilitoka safi, tena kwa mwandiko wa madoido. Ijumaa nikaipandisha kwenye seva, Koku akaijaribu, akaniambia iko poa.

Jumapili baada ya misa tukakutana kwenye bustani ya baa moja Mbezi Beach. Mzee Cyprian kakaa mbele, mikono kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, tuonyeshe hiyo kompyuta yako."

Mwenyekiti wa kamati, braza Praygod, akaunganisha TV. Nikaandika jina la mzee mwenyewe, nikachagua double, nikabonyeza.

Kadi haikutoka. Yakaja maandishi mekundu. Mzee akavaa miwani, akasoma taratibu.

"Faili halipo. Limetafutwa kwenye... albano... mke, wangu, koku."

Ndugu yangu, folda ya kazi ile nilikuwa nimeipa jina hilo. Nani angeiona, wakati ilikuwa ndani ya laptop yangu?

Mama mmoja akapaliwa na soda.

"Koku yupi?" mzee akauliza.

Koku alikuwa meza ya pili, anasoma karatasi ya chupa ya maji kwa makini ya ajabu.

"Mzee, naomba kwanza nitengeneze." Aibu niliyoisikia sina namna ya kuisimulia.

"Tengeneza. Sie tupo."

Nikainamia laptop, jasho linanitoka. Kifurushi kinachochora kadi kina faili lake la mwandiko, lenye maumbo ya herufi. Chombo cha kufungasha kilibeba msimbo tu, yale maagizo ya programu, faili la mwandiko kikaliacha. Kibaya zaidi, ndani ya mzigo kikaandika anwani ya folda yangu. Laptop ikilitafuta inalikuta, seva haina folda hiyo. Ni kama umehama Kipawa ukaja Mbagala, mtu anauliza kisu kiko wapi, unamwambia kiko jikoni, kumbe ni jikoni kule Kipawa.

Nikalipandisha faili la mwandiko peke yake. Nikabonyeza. Mekundu yale yale.

"Mke wangu Koku," mzee akasoma tena. "Bado yupo."

Kamati ikaangua kicheko. Praygod alifuta machozi.

Hapo nikaelewa kwamba anwani iko ndani ya mzigo, kwa hiyo hata ningepandisha mafaili mia, seva ingeendelea kubisha hodi kwangu. Nikakiamuru chombo kisikiguse kifurushi kile, kikiache nje ya mzigo. Kisha nikakisakinisha kifurushi kizima kwenye seva, pamoja na faili lake. Nikabonyeza nikiwa nimefumba macho.

Nikasikia makofi. Kadi ilikuwa imetoka, jina la Mzee Cyprian katikati kwa madoido yote.

Akavua miwani.

"Kazi unaijua," akasema. "Lakini kwetu Bukoba mtoto wa mtu haitwi mke kabla mshenga hajapita. Jumamosi nipo nyumbani. Tuma watu."

"Ndiyo mzee," nikasema, nikarudia mpaka akanionea huruma.

Watu walipoanza kutawanyika, nikafungua kumbukumbu za seva. Kosa lile lile lilikuwa limeshatokea Ijumaa, tena zaidi ya mara moja. Na mtu pekee niliyempa nywila ili ajaribu ni Koku.

Nikamvuta pembeni. "Ijumaa uliliona?"

"Nililiona."

"Ukaniambia iko poa."

"Si iko poa? Mie nakuambia tuma mshenga, wewe subiri, subiri. Nikaona bora seva ikusemee."

Akaondoka zake kumfuata baba yake, wala hakugeuka.

Basi wenzangu mnaofungasha, jaribuni mzigo kwenye mashine isiyo yenu kabla ya kumwalika mkwe. Na kama kuna mtoto wa watu unampenda, sema mwenyewe. Akichoka kusubiri, atachagua yeye siku, mahali na watu wa kusikiliza.