Ufunguo wa Rabenley Haupandi kwa Gurudumu

Siku ya Jumatatu ya Pasaka, saa tatu asubuhi, Hiltrud Pauly alitoka mlangoni kwake na begi mgongoni na goti jipya mguuni. Goti alikuwa amewekewa hospitalini mwezi wa kumi, la chuma, na kijiji kizima cha Trimmich kilikuwa kinalijua kuliko anavyolijua yeye. Alikuwa na miaka sabini na minne. Kazi yake ya maisha ilikuwa mizabibu, kuipogoa na kuifunga kwenye ule mteremko ambao mbuzi mwenyewe angefikiri mara mbili. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, hakuambii habari za mizabibu. Atakuambia ndiye mwenye ufunguo wa Rabenley.

Ngome ziko nyingi kwenye bonde la mto Mosel, Ujerumani, karibu kila kona ya mto ina yake. Wageni huja na baiskeli wakifuata maji, leo ngome hii, kesho ile. Nyingi zina mashine ya tiketi na kijana aliyenuna dirishani. Rabenley haina. Rabenley ina lango la mwaloni, ufunguo wa chuma wenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na sharti moja. Siku ya kwanza ya msimu, Jumatatu ya Pasaka, mwenye ufunguo aupandishe kwa miguu yake mwenyewe, ngazi mia tatu na kumi na mbili, na lango lifunguke kabla ya kengele ya saa sita mchana. Ufunguo haupandi kwa gurudumu wala mikononi mwa mtu mwingine. Ukimshinda, siku ileile unahamia nyumba inayofuata.

Na nyumba inayofuata ilikuwa ya Alwin Zenz.

Huyu Alwin, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mwandishi wa chama cha ngome, na ufunguo ule aliutamani miaka ishirini bila hata kuficha. Asubuhi hiyo alikuwa keshafika kanisani, ngazi zinapoanzia, kitabu cha majina ya waliofungua lango kwapani, ameegemea baiskeli yake ya betri. Nyuma yake wageni kama arobaini walikuwa wanafunga baiskeli zao kwenye vyuma.

"Umelala salama, jirani?" akauliza. "Na mwenzio wa chuma kaamkaje?"

"Kaamka vizuri kuliko kichwa chako. Goti la chuma na ufunguo wa chuma, hao ni ndugu. Wewe una nini cha chuma, zaidi ya hiyo baiskeli?"

"Mimi nitazunguka na njia ya trekta. Nitakusubiri langoni na kitabu. Usipofika pia nitaandika."

"Najua utaandika. Ungekuwa umeshaandika kama ungeweza."

Alwin akakohoa, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Hiltrud akaanza kupanda, wageni wakimfuata mmoja mmoja katikati ya mizabibu. Ngazi zile ni za mawe meusi membamba, ukikanyaga vibaya zinakuteleza kama samaki. Hakuwa na haraka. Mara ya kwanza kuupandisha ufunguo alikuwa na miaka thelathini na miwili, mwaka alioshindwa mama yake kwenye ngazi ya mia mbili, akakaa pale pale chini na kuuvua begani, ukahamia nyumba inayofuata, ambayo siku hizo ilikuwa ya Hiltrud. Mama alikuwa amefungua lango mara ishirini na saba. Hiltrud mwaka huu alikuwa anaingia wa arobaini na tatu. Hesabu hiyo alikuwa hamwambii mtu, lakini kila kukicha aliirudia kimoyomoyo wakati anapiga mswaki.

Saa nne na robo akafika juu, jasho linamtiririka, goti linawaka, uso umenyooka. Alwin alikuwa amekaa kwenye jiwe, kitabu magotini. Wageni wakasogea karibu na simu zao kupiga picha. Hiltrud akashusha begi, akatoa kifurushi cha kitambaa cha kitani, akakifungua kwa heshima zote.

Ndani kulikuwa na soseji.

Sasa hapa lazima nimtetee, kwa sababu mtu wa nje atasema bibi kazeeka. Ufunguo wa Rabenley hupakwa mafuta ya nguruwe usiku wa kuamkia ufunguzi, ukafungwa kwenye kitambaa cha kitani. Soseji ya moshi ya Trimmich nayo hufungwa kwenye kitambaa hichohicho, ina mafuta yaleyale, urefu uleule, na karibu uzito uleule. Hiltrud alikuwa amevilaza vyote viwili juu ya meza ya jikoni, kimoja cha lango, kingine cha kula mchana. Asubuhi akachukua kimoja. Chagua wewe bila kufungua uone.

Simu zikashuka. Kisha mgeni mmoja nyuma akacheka, akajizuia.

"Jaribu hivyohivyo," Alwin akasema. "Pengine lango lina njaa."

Hiltrud alihisi masikio yanapata moto. Miaka arobaini na miwili, na leo anasimama mbele ya watu ameshika soseji. Akaiweka taratibu juu ya jiwe.

Msichana mmoja wa Kiholanzi, mwenye miguu ya mbio, akasema, "Mama, nielekeze nyumba, nitarudi na ufunguo kabla hujapumzika."

"Asante mwanangu. Haupandi kwa miguu ya mwingine."

Alwin akasimama. Safari hii hakuwa anacheka. "Hiltrud, chukua baiskeli yangu. Shuka nayo, panda nayo. Hakuna atakayesema."

"Wewe utasema."

"Mimi? Nitakuwa wa kwanza kabisa kusema."

"Basi nyamaza nishuke." Akawageukia wageni. "Kisu kimo kwenye mfuko wa pembeni. Kateni hiyo soseji mle. Nikirudi nisiione."

Kisu kikatolewa, akavaa begi, akaanza kushuka. Ngazi kumi hivi chini akasikia viatu nyuma yake. Alwin alikuwa ameacha baiskeli juu, anakuja na kitabu chake kwapani.

"Unanifuata nini?"

"Mwandishi lazima aone."

Kushuka kulimuumiza kuliko kupanda. Nyumbani ufunguo ulikuwa mezani, umetulia ndani ya kitambaa chake. Akautia begini, akanywa maji ya bomba akiwa amesimama, akatoka. Saa tano na dakika tano.

Kwenye ngazi ya mia mbili, pale pale alipokaa mama yake, mguu ulikataa. Akashika nguzo ya mzabibu. Goti lilikuwa limevimba hadi suruali imekaza.

"Kaa kidogo," Alwin akasema.

"Nikikaa siinuki. Mama alikaa."

"Basi usikae." Akashuka ngazi moja, akasimama nyuma yake karibu, bila kumgusa. "Nipo hapa. Ukianguka utaniangukia mimi, na mimi ni mnene."

Hiltrud akacheka kwa pua, na kicheko hicho kikamsogeza ngazi moja. Kisha nyingine. Wakapanda hivyo hadi juu.

Wageni walipomwona wakainuka wote na kumfungulia njia. Wengine walivua kofia za baiskeli. Ufunguo ukaingia, ukagoma kama kawaida yake, ukazunguka, na lango la Rabenley likafunguka. Saa ya Alwin ilisema bado dakika kumi na moja. Hiltrud aliegemea ukuta wa ngome akalia waziwazi, maana alikuwa na fahari na kifua hakikuitosha.

Alipopata pumzi akasema, "Haya, mwandishi. Lete kitabu."

Alwin akasita, kisha akakifungua. Mstari wa mwaka huu ulikuwa umeshajazwa kwa wino, kwa mwandiko mzuri: Alwin Zenz, kwa miguu.

"Niliandika jana," akasema, macho chini. "Kwa ajili ya lile goti. Nilidhani halitafika."

Hiltrud akaufuata mstari ule kwa kidole. "Na hata hivyo ukanifuata chini na juu."

"Nikakufuata."

Alwin akalipiga mstari jina lake kwa rula, akaandika chini yake. Hiltrud akasoma juu ya bega lake: Hiltrud Pauly, kwa miguu, mara mbili.

"Andika na soseji," akasema.

"Watu watacheka, jirani."

"Wacheke. Nimepanda mara mbili, na wajue kwa nini."

Akaandika. Ukifika Rabenley omba kitabu utauona mstari huo. Nyumba inayofuata bado ni ya Zenz, na siku hizi, kila Jumatatu ya Pasaka, Alwin hupanda kwa miguu, ngazi moja nyuma ya Hiltrud.