Sahihi Mbili za Jumamosi Moja

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtu wa usukani, na si usukani wa gari lolote tu. Limuzini nyeupe ya kampuni ya magari ya kukodi, ile ndefu inayokata kona kama treni, ilikuwa haikabidhiwi mtu mwingine. Siku za harusi alivaa glavu, akafungua mlango kwa madaha, na wapiga picha wakasahau kwa muda nani hasa anaoa. Wenzake walimbandika jina la Kapteni, likamkaa kama shati la kushonewa.

Kisha jicho la kushoto likaanza kumwonyesha nguzo moja kuwa mbili. Daktari akasema dawa italizuia lisizime kabisa, lakini habari ya kubeba abiria aisahau. Mwenye kampuni, mjane ambaye madereva wote walimwita Mama, hakumwacha aende na maji. Alimpa chumba nyuma ya gereji, meza, makabati matatu ya chuma, na muhuri.

"Utatunza kumbukumbu za safari," alimwambia. "Kazi unaijua."

Hakuijua. Enzi zake karatasi ya safari alikuwa akiijaza juu ya boneti, huku injini inanguruma: "Nimetoka asubuhi, nimerudi salama." Sasa ndipo alipoisoma sheria yenyewe. Kila gari la kukodi, liwe limuzini au basi, liandikiwe aliyeliendesha na namba ya leseni yake, saa ya kutoka na ya kurudi, mahali alipopumzika, na watu aliowabeba. Na karatasi hiyo ikae kabatini miaka mitatu, asiiondoe mtu.

Wiki za kwanza alizichukia karatasi hizo. Halafu, polepole, zikamwingia. Aligundua kwamba ukizisoma vizuri unamwona dereva anayechoka, unaliona basi linaloumwa breki kabla halijamuumiza mtu. Akawa mkali. Madereva walimkwepa uani.

"Kapteni, nimesahau nilitoka saa ngapi."

"Basi kaa hapo kwenye benchi mpaka ukumbuke."

Nyumbani mkewe alimcheka. "Mume wangu, nikitoka kwenda sokoni nisaini wapi?"

Aliyemtania zaidi kazini alikuwa Mrefu, dereva wa mabasi, rafiki yake wa tangu ujana. Walikuwa wameshikana kama chanda na pete. Hata watoto wa Mrefu walimwita Kapteni baba mkubwa.

Mwaka wa pili wa kazi hiyo, Jumatatu asubuhi, alikuja mkaguzi kutoka ofisi ya leseni za usafirishaji. Alikuwa binti mfupi mwenye miwani, mpole, asiye na haraka. Aliomba mafaili ya miaka mitatu, akavuta kiti, akaanza kufunua. Kapteni alisimama kando, kifua mbele. Hakuwa na wasiwasi na karatasi alizozisimamia yeye.

Karibu na adhuhuri yule binti akaweka karatasi mbili sambamba.

"Mzee, nisaidie hapa. Huyu dereva Jumamosi hii saa nne alikuwa na maharusi kwenye limuzini. Saa nne hiyohiyo alikuwa na wanakwaya arobaini na wawili kwenye basi, safari ya kilomita mia mbili. Sahihi ni moja."

Kapteni aliinama. Sahihi ilikuwa yake.

Aliikumbuka siku ile kama jana. Leseni ya Mrefu ya kuendesha basi ilikuwa imekwisha muda, na mpya ilikuwa haijatoka. Mrefu alimbembeleza: kwaya inasubiri, na akiikosa safari ile Mama atampa mwingine basi. Kapteni akasaini karatasi ya mwenzake, akaenda zake kwenye harusi, wala hakuliwaza tena jambo hilo. Ilibaki miezi minne tu karatasi ile itimize miaka mitatu.

Mama, aliyekuwa mlangoni, alitazama karatasi, akamtazama Kapteni, akaelewa nusu. "Bila shaka tarehe imekosewa," alisema haraka. "Karani wa zamani alikuwa na haraka sana."

Mkaguzi akainua kalamu. "Ni tarehe, mzee?"

Kapteni akafikiri juu ya lile benchi, na wale wote aliowaketisha pale. Mkuki kwa nguruwe.

"Si tarehe, mwanangu," alisema. "Basi sikuliendesha mimi. Nilimsainia mtu ambaye leseni yake ilikuwa imekwisha."

"Nani?"

Hilo ndilo lililomchoma. Alivuta kiti, akaketi mbele ya mkaguzi. Kisha akalitaja jina.

Kampuni ilipewa onyo kwa maandishi. Mrefu alizuiwa kuendesha mabasi kwa miezi miwili, akawa anaosha magari uani, akipita mbele ya dirisha la rafiki yake bila kugeuza shingo. Mama hakumfukuza Kapteni, lakini kwa wiki nzima alimtumia ujumbe kupitia kwa fundi wa gereji, ilhali vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta mmoja.

Jumapili moja Kapteni alikwenda kwa Mrefu. Mke wa Mrefu alimkaribisha. Mwenyewe hakuinuka kitini.

"Umeniuza," Mrefu alisema.

"Nimejiuza mimi kwanza, ndugu yangu. Wewe umetoka kama chenji."

Shemeji akashindwa kuzuia kicheko. Mrefu hakucheka. "Watu arobaini na wawili nilifika nao salama."

"Ulifika nao. Na kama usingefika, mama zao wangekuja ofisini kuuliza nani alikuwa anaendesha, na karatasi ingewaambia ni mimi."

Kapteni akanywa chai aliyopewa, akaaga, akaenda.

Miezi miwili ilikwisha, Mrefu akarudishiwa basi. Salamu zikarudi, fupi fupi, utani haukurudi. Kapteni alijizoeza kuishi hivyo, ingawa kila mara basi la Mrefu lilipotoka langoni alinyanyua kichwa.

Asubuhi moja Mrefu aliingia chumbani kwa mtunza kumbukumbu, funguo za basi mkononi, macho mekundu. Alikuwa apeleke walimu kwenye semina.

"Mwanangu mdogo kakesha na homa," alisema. "Sasa hajambo, lakini mimi sijafumba jicho. Niandikie hivyo, kwamba sijalala. Mtafute mtu mwingine."

Akaziweka funguo mezani. Kapteni aliandika saa na sababu, akamgeuzia karatasi. Mrefu akasaini, akajinyoosha.

"Kapteni, nikalale wapi? Maana nyumbani kuna kelele."

"Kwenye limuzini," Kapteni alisema. "Lakini vua viatu."

Mrefu akatoka anatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkaguzi, Kapteni akamsikia akicheka.