Vifaranga Wametulia

Kijijini kwetu Mtinko, Julai ina upepo mbaya, na vifaranga wa mama walikuwa wanakufa kwa baridi. Jumapili nilikwenda kumtengenezea chumba chao. Niliziba dirisha kwa magunia, nikamwachia matambara ya kusokomeza chini ya mlango, jiko la mkaa nikaliweka katikati. Nilijiona mtoto wa maana sana.

Kesho yake, kabla sijaingia darasani kufundisha, mama alinipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti nzito. Alisema kichwa kinamgonga tangu asubuhi, ila vifaranga wametulia, hata mmoja halii. Angejilaza humohumo chumbani mwao, kwenye joto. Nikadhani ni malaria, nikamwambia ameze dawa. Nilikuwa nimechelewa, na kuchelewa kunaniudhi.

Kidato cha tatu, kwenye kemia, tulikuwa kwenye sheria za uwiano. Niliwaeleza kwamba kaboni na oksijeni huungana kwa namna mbili. Kwa kaboni ileile, gesi moja ina oksijeni mara mbili ya nyingine. Hiyo tunaitoa puani kila tunapopumua. Ile yenye nusu inaua, na haina harufu. Nalipenda somo hili kwa sababu namba zake hazina ubishi: ni moja au ni mbili, hakuna moja na robo.

Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha, tunapata ile ya nusu?"

"Sawasawa kabisa," nikasema, nikataka wampigie makofi.

Makofi yalipokwisha ndipo nikasikia nilichokubali. Nilipiga simu palepale mbele ya wanafunzi. Iliita mpaka ikakata.

Dereva wa bodaboda alinikimbiza hadi kwa mama, njia siikumbuki. Mlango ulikuwa umekazwa na yale matambara, nikausukuma kwa bega. Vifaranga walikuwa wamelundikana, wote wamekufa. Mama alikuwa amelala ubavu kando yao. Nilimburuta hadi uani, nikamwita, nikalia kama mtoto. Ilichukua muda mrefu kabla hajafumbua macho.

Mimi na yule dereva tulipokuwa tunamwinua kumpeleka zahanati, alinishika mkono.

"Nisamehe, mwanangu. Umenitengenezea chumba kizuri, mimi nikalala, vifaranga wakafa."

Nilijua kilichowaua. Niliona aibu kukisema, nikamwambia nimemsamehe.