Mama Muuza Maziwa na Vifuko vya Maabara

Mdogo wangu wa kiume alimkatiza mama yetu dripu za saratani akamnywesha maziwa. Naanza na hilo ili mtu asidhani nazunguka.

Mama alikuwa muuza maziwa. Alikuwa na ng'ombe wachache nyuma ya nyumba na sifa moja aliyoitunza kuliko alivyotutunza sisi: hakutia maji. Mteja akilalamikia bei, mama alidondosha tone kwenye ukucha wa kidole gumba, akamwonyesha lilivyotulia pale bila kuteleza, kisha akamwambia aende kwa jirani akanunue maji. Ulimi wake ulikuwa wembe. Mimi, bintiye mkubwa niliyebakizwa nyumbani kukamua wakati mdogo wangu anapelekwa shule, niliujua ulimi huo kuliko mteja yeyote.

Kwa sababu ya sifa hiyo, maabara ya chuo ilimchagua yeye. Walitaka maziwa mabichi yasiyochanganywa na kitu. Mdogo wangu aliyapeleka kwa pikipiki, akawa anarudi na maneno makubwa. Alisema seli za mwili hutoa vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, zikatumiana humo ujumbe. Vinaitwa eksosomu, na hata kwenye maziwa vimo. Kule maabara wanavitoa na kuvijaza dawa ya saratani, ili viibebe hadi kwenye uvimbe bila kuunguza mwili mzima. Majirani wakaanza kumwita Daktari, naye akawa anaitika.

Mwaka uleule mama akakutwa na saratani ya titi. Hospitali wakampa vidonge vya kumeza nyumbani, na dripu ambazo alipaswa kwenda kutundikiwa kulekule. Dripu ya kwanza ilimtapisha hadi akashindwa kusimama, na nywele zikabaki kwenye mto. Ndipo Daktari wetu akakaa kando ya kitanda na kumwambia kwamba mateso hayo ni ya watu wasiojua. Maziwa yake mwenyewe yana vifuko. Vidonge vikisagwa na kukorogwa humo, dawa itajipeleka yenyewe kwenye uvimbe. Dripu za nini tena?

Nitakuwa mwongo nikisema mama alilazimishwa. Alifurahi. Aliwatangazia wateja kwamba maziwa yake ndiyo yatakayomponya. Nilipouliza mbona hospitali hawajasema hivyo, alinijibu mbele yao, "Wewe unajua nini zaidi ya chuchu za ng'ombe?" Wakacheka. Mdogo wangu ndiye aliyechelewa kunyamaza.

Uvimbe mwingine ukatokeza kwapani. Siku moja pikipiki iliharibika, nikabeba ndoo mwenyewe hadi maabara. Mtafiti aliyeipokea alikuwa mwanamke wa makamo kama mimi. Nilimuuliza vidonge vikorogwe kwa muda gani ili viingie kwenye vifuko. Aliiweka ndoo chini kwanza. Akanieleza kwamba maziwa huzungushwa kwa kasi kwenye mashine, yakachujwa na kusafishwa mpaka vibaki vifuko peke yake, na kuvitia dawa ni kazi nyingine kabisa. Kijiko na kikombe haviwezi.

"Na hatujawapa watu, dada," alisema. "Bado tunajaribu kwa panya. Ndugu yako anajua, nilimwonyesha vizimba mwenyewe."

Niliporudi nilimkuta mdogo wangu anakoroga. Nikamuuliza kuhusu vizimba vya panya, mama akiwa amelala palepale, macho wazi. Hakukana.

"Sasa ulitaka nani akashinde naye hospitali?" alisema taratibu. "Mimi? Nina shughuli zangu. Na mwenyewe dripu hazitaki."

Nilimgeukia mama nikidhani sasa amesikia. Alikuwa amesikia. Alinyoosha mkono, akakipokea kile kikombe, akanywa hadi mwisho.

"Una wivu tangu utoto," aliniambia. "Nenda ukaoshe ndoo."

Nilimpeleka hospitali alipokuwa hana tena nguvu ya kunikataa. Walimpiga picha ya tumbo wakasema ini limeshavamiwa, dripu sasa zingemtesa bure. Alikufa wodini akiulizia mwanawe yuko wapi. Hakuwa amefika hata mara moja.

Msibani alifika mapema. Akasimama, akawaambia watu kwamba mama alikuwa akiendelea vizuri mikononi mwake, mpaka mimi nilipomburura hospitali na huko wakammaliza. Shangazi zangu walinitazama wote kwa pamoja, na tangu hapo hakuna anayeitikia salamu yangu.

Bado nakamua, na yeye bado anapeleka. Juzi jirani, ambaye mumewe ana saratani ya koo, alikuja na chupa kuomba maziwa ya Daktari. Nilimweleza yote. Akaniangalia kama mchawi, akaenda kumngojea yeye getini.

Kwa hiyo mdogo wangu anadaiwa neno. Aliseme kwa kinywa chake, mbele ya shangazi zetu na mbele ya mwanamke yule mwenye chupa: kwamba aliviona vizimba, na bado akakoroga.